Hewa Isiyopitia Injini

Gerejini, tarehe 3 Machi

Kitinda wangu,

Nimekaa juu ya tairi, karatasi iko pajani na mkono una grisi, kwa hiyo usiniulize doa hili la chini ni la nini. Sisi wazima. Ile homa iliyonilaza mwezi wa kwanza imekwisha kabisa, ila chai bado haina ladha, nadhani majani ya siku hizi ni vumbi tupu. Masikio ni yale yale, kelele za injini zimeyamaliza. Ukinipigia simu nasikia nyuki. Ndiyo maana nakuandikia, nawe utanijibu kwa maandishi ndani ya kifurushi cha basi, kama watu wenye adabu zao.

Nina shida na gari la wagonjwa la zahanati. Unalijua, lile jeupe ambalo mwaka wa nane huu nalihudumia mimi peke yangu. Linakunywa petroli kama lina kisirani nayo. Likisimama linatetemeka, likipanda mlima linakohoa, na Jumanne iliyopita lilizima njiani mgonjwa akiwa ndani. Dereva alilisukuma pembeni akisaidiana na ndugu wa mgonjwa. Daktari mkuu hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alisema tu, "Mama Pua, likizima tena na mtu ndani, itabidi nilipeleke kwa mafundi wengine."

Miaka yote wananiita Mama Pua kwa sababu naweza kusimama nyuma ya gari, nikavuta pumzi mara moja, nikakwambia petroli imezidi au imepungua. Gari hilo likitoka mikononi mwangu, mji mzima utajua kwamba nimekwisha. Sitaki kukuficha, naogopa.

Nimebadilisha chujio la hewa, chujio la petroli na plagi zote nne. Sijaona kitu. Mwaka jana ulinisumbua na habari za sensa ya kisasa inayopima hewa na petroli kwa namba, nikakujibu kwamba mimi nilikuwa nikipima kwa pua kabla wewe hujaota meno. Haya, nimekuja mikono nyuma. Ilete. Na unieleze inavyofanya kazi, maana sifungi kitu nisichokijua.

Mama yako

*

Chumba cha kupimia injini, 7 Machi

Shikamoo Mama,

Nimeisoma barua yako mara mbili, ya pili kwa ajili ya kufurahia lile neno "mikono nyuma". Nitaikata sehemu hiyo niibandike ukutani.

Sensa iko ndani ya boksi pamoja na geji yake na waya. Nakueleza polepole, nawe usiruke mistari.

Ile sensa ya zamani, iliyomo kwenye gari tayari, inajua maneno mawili tu: hewa imezidi, hewa imepungua. Imezidi kiasi gani, haijui. Hii mpya ina chumba ndani yake, kidogo kuliko punje ya mchele, chenye tundu jembamba, na moshi wa injini unaingilia hapo. Ukuta mmoja wa chumba unalinganisha oksijeni ya ndani na oksijeni ya hewa ya nje. Ukuta wa pili ni pampu. Ukiupitishia umeme upande mmoja unatoa oksijeni chumbani, ukigeuza umeme unaiingiza. Kompyuta yake ina kazi moja tu, kuhakikisha chumba kile kina usawa, hakuna oksijeni iliyobaki wala petroli iliyokosa hewa ya kuunguzia. Moshi ukija na oksijeni ya ziada, pampu inaitoa. Ukija na petroli ambayo haikuungua, pampu inaingiza oksijeni ya kuimalizia.

Sasa hapa ndipo penye utamu. Geji inasoma ule umeme uliotumika kupampu. Umeme mwingi upande huu, hewa ilizidi, tena kwa kiasi hiki hasa. Mwingi upande ule, petroli ilizidi. Ukiwa sifuri, injini imekula sawasawa. Ni kama kujua sufuria ilikuwa na chumvi kiasi gani kwa kuhesabu vikombe vya maji ulivyoongeza mpaka mchuzi ukalika.

Kwa petroli, usawa ni gramu kumi na nne nukta saba za hewa kwa gramu moja ya petroli. Geji itakuandikia namba hiyo. Ikipanda juu ya 14.7, hewa ni nyingi. Ikishuka, petroli ni nyingi.

Ichomelee nati kwenye bomba la moshi, shubiri moja baada ya sensa ya zamani, na usiiguse ikiwa inafanya kazi kwa sababu inajipasha moto zaidi ya nyuzi mia saba. Na Mama, nakuomba kwa heshima zote, usikate soketi yake. Ndani ya soketi kuna rezista ndogo, kizuizi cha umeme kilichopimwa kiwandani kwa ajili ya sensa hiyo peke yake, kwa sababu hakuna sensa mbili zinazofanana kabisa. Ukiunga soketi nyingine, namba zote zitakuwa uongo. Nasema hivi kwa sababu naujua mkono wako. Kisipoingia, unakata.

Mwanao, Kitinda

*

Gerejini, 12 Machi

Kitinda,

Nimeifunga. Nati nimeichomelea mwenyewe na mshono wake ni mzuri kuliko uso wa bwana harusi.

Gari likiwa limesimama, injini inanguruma taratibu, geji yako inasema 16.4. Yaani hewa imezidi, injini ina njaa ya petroli. Nikasema haya, tumempata mwizi. Lakini mimi ni mtu wa kuuliza mara mbili. Nikafungua plagi. Kitinda, zile plagi mpya, za wiki mbili, ni nyeusi tititi kwa masizi. Injini yenye njaa haipaki plagi masizi, hilo nilikufundisha ukiwa bado unakalia kopo la rangi. Masizi ni ya injini iliyovimbiwa.

Nikaenda nyuma nikaweka pua kwenye bomba, nikavuta mpaka kifua kikajaa. Hakuna harufu ya petroli mbichi. Nikaingiza kichwa ndani ya gari, mbele kwa dereva na nyuma kwenye machela. Hewa safi. Kwa hiyo plagi zinasema petroli imezidi, kifaa chako kinasema imepungua, na pua inasema hakuna lolote. Mashahidi watatu kwenye kesi moja na kila mmoja ana yake.

Kwa maoni yangu kifaa chako kinasema uongo. Kizuri kwa sura, lakini cha uongo.

Dereva analalamika kichwa kinamgonga kila jioni. Nimemwambia akapime macho, umri umeshamfikia. Nimesaini daftari la gari kwamba linafaa, na limerudi kazini, maana zahanati haina jingine. Nimewaambia wasilizime njiani. Likizimika hilo, na mimi nimezimika.

Mama yako

*

Chumba cha kupimia injini, 15 Machi

Mama,

Umekata soketi.

Usinijibu kwamba hukukata. Soketi ya geji hiyo ni ya mraba na haipiti kwenye tundu la ukuta wa injini wa gari lile, nimelikumbuka baada ya kutuma. Uliona haipiti, ukachukua koleo, ukaunga ya gari jingine. Sensa hii naijua, kazini kwetu tunazo ishirini na hazijawahi kusema uongo kiasi hicho.

Nitumie namba za gari likiwa linatembea, barabara tambarare na mlimani. Na unieleze ukweli kuhusu soketi, ili nijue kama nitume nyingine.

Kitinda

*

Gerejini, 18 Machi

Kwako Fundi Mkuu,

Mimi nilikuzaa, hukunizaa wewe.

Soketi haikupita tundu la ukutani, kweli. Nikalipanua tundu kwa tupa, asubuhi nzima, mpaka viganja vikaota malengelenge, kwa sababu mwanangu aliniomba kwa heshima zote. Sikukata hata unywele wa waya. Ndani ya boksi hili nimekuwekea unga wa chuma uliotoka kwenye tupa, umefungwa kwenye karatasi. Uupime kwa mashine zenu ishirini.

Namba zako hizi hapa. Nilikaa pembeni ya Dereva na daftari tangu zahanati mpaka hospitali kubwa na kurudi, saa mbili na nusu. Gari limesimama, 16.4. Tambarare, 13.6. Mlimani, 11.8. Halikuzima, lakini lilikohoa kwenye kona ya juu. Kichwa kiliniuma mimi pia niliporudi, na hiyo ni kwa sababu ya kukodolea tarakimu zako. Mama mmoja aliyemsindikiza mgonjwa alitapika. Dereva alisema ni kona. Nilinusa tena ndani, nikanusa tena nyuma. Safi.

Sasa soma hizo namba, wewe uliyesoma.

Mama yako, ambaye hajakata kitu

*

Chumba cha kupimia injini, 20 Machi

Mama,

Barua yako imefika saa nne asubuhi. Kabla sijashika kalamu nimempigia Dereva simu nikamwambia, popote alipo, asimame, azime injini, afungue milango yote na atoe kila mtu nje. Najua utakuwa umeshasikia kilichotokea kabla karatasi hii haijakufikia. Nakuandikia sababu.

Kwanza, nisamehe kuhusu soketi. Unga wa chuma uko mezani kwangu, nautazama.

Injini moja haiwezi kuwa na njaa ikisimama na kuvimbiwa ikipanda mlima. Namba zako ni za kweli zote, ila sensa haijui hewa imetoka wapi. Inahesabu oksijeni iliyopo kwenye moshi, basi. Nami nilikuwa nikifikiri kwamba oksijeni yote iliyomo kwenye moshi ilipitia injini. Nafikiri manifoldi yako, lile bomba la chuma linalokusanya moshi wa silinda zote, ina ufa mahali fulani kati ya injini na sensa zote mbili. Moshi hautoki kwa mfululizo, unatoka kwa mapigo. Baada ya kila pigo bomba linavuta kidogo, na ufa unaingiza hewa ya nje. Hewa hiyo haijawahi kuiona silinda. Sensa ya zamani inaiona na kupiga kelele kwamba hewa imezidi, kompyuta ya gari inaongeza petroli, na inaongeza tena. Likisimama, mapigo ni mapole, hewa ya ufa inaingia nyingi na namba inapanda. Mlimani msukumo ni mkubwa, hewa haipati nafasi ya kuingia, ndipo ukweli unaonekana, 11.8. Injini imevimbiwa wiki zote hizi. Plagi zako zilisema kweli. Sensa imesema kweli.

Lakini ufa unaoingiza hewa hutoa pia moshi. Moshi wa injini iliyovimbiwa umejaa ile gesi inayoua bila kelele, na manifoldi ya gari lile iko karibu na miguu ya dereva. Kichwa cha Dereva, kichwa chako, mama aliyetapika, vyote ni hiyo.

Gesi yenyewe haina harufu, hilo tunalijua. Lakini moshi unaoibeba unanuka, na petroli mbichi ya 11.8 inanuka. Zamani ungeisikia ukiwa jikoni na gari liko barabarani. Ulikaa ndani yake saa mbili na nusu ukaniandikia "safi".

Mama, tangu lini hunusi?

Na mimi nina langu la kuungama. Ulipoandika kwamba pua yako na sensa yangu havielewani, niliwasomea wenzangu barua yako tukacheka. Nilitaka pua ishindwe. Miaka yote nimesoma, na kila nikirudi nyumbani watu wananiuliza kama nami nina pua ya mama. Kwa siku nane nilifurahi, na siku hizo nane watu walikuwa wakipanda gari lile. Naona haya.

Kitinda

*

Kituo cha basi, 21 Machi

Dada Fundi,

Mimi ni Dereva wa zahanati. Nimeamua kukuandikia kwa kuwa nikizungumza na wewe kwa simu pale gerejini mama yako, ingawa hasikii vizuri, anasoma midomo kama kitabu. Vifurushi nampelekea mimi kituoni, kwa hiyo hii nimeichomeka ndani ya boksi baada ya yeye kulifunga. Usimwambie.

Uliponipigia jana nilikuwa nimebeba kijana aliyevunjika mguu, pamoja na muuguzi wetu. Mvua ilikuwa inanyesha na vioo vyote tulikuwa tumefunga. Nilisimama hapo hapo. Nilipofungua mlango wa nyuma, muuguzi alikuwa ameegemea ukuta na macho yamemlegea, na yule kijana nikamwita mara tatu ndipo akaitika. Niliwalaza nje kwenye mvua, mimi mwenyewe magoti hayakunibeba vizuri. Baada ya muda wakapata nguvu. Lori la mchanga lilitusaidia kufika hospitali, nao wote wawili wako salama, wanakula, muuguzi ameshaanza kunisema kwa kumlowesha. Nakushukuru. Nina watoto wanne, nao wanakushukuru ingawa hawajui.

Sasa jambo lililonifanya niandike. Dada, mimi harufu ile niliisikia. Niliisikia tangu mwezi wa pili. Ilikuwa inapanda kutoka kwenye mguu wa gia, harufu ya moshi na ya petroli, siku nyingine mpaka macho yanawasha. Siku mama alipoingiza kichwa ndani nami nilikuwa nimesimama pembeni, na harufu ilikuwepo, iko pale pale, nikasubiri aseme. Akasema, "Safi." Nikajiambia, huyu ni Mama Pua, mimi ni nani? Pengine pua yangu ndiyo mbovu. Nikaendesha. Muuguzi naye aliniuliza mara moja, "Hunusi kitu?" Nikamjibu kwamba Mama amepita, amesema safi. Naye akanyamaza.

Mama yako ameniachisha ulevi, amenisomeshea mtoto wa kwanza. Sitaki ajue kwamba nilijua nikanyamaza, wala sitaki ajue kwamba alikosea mbele yangu. Nakuomba sana.

Dereva

*

Gerejini, 25 Machi

Mwanangu,

Nimekuta ufa.

Nilifanya kama tulivyokuwa tukifanya kwenye matairi. Injini ikiwa baridi, nikapuliza upepo wa kompresa kutoka bomba la nyuma, kidogo kidogo, huku nikipaka maji ya sabuni kwenye manifoldi. Chini kabisa, upande wa ukuta, mahali ambapo jicho halifiki mpaka ushike kioo, povu likatoka. Ufa una urefu wa kidole. Juu yake, ule mpira wa mguu wa gia umechanika, kuna nafasi ya kupitisha mkono. Moshi ulikuwa na mlango wake rasmi. Manifoldi nyingine nimeshaipata na mpira mpya upo. Gari halijatoka.

Sasa swali lako. Tangu ile homa. Homa iliondoka na pua ikaondoka nayo. Asubuhi ya kwanza niliyoamka mzima nilimwaga mafuta ya taa kwenye sakafu ili nisikie, nikapiga magoti nikainama mpaka pua ikalowa. Sikusikia kitu. Nikasema itarudi. Kila asubuhi nafungua kopo la petroli nalinusa kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

Unafikiri nilikuwa nakudanganya wewe. Kitinda, nilikuwa nainamisha kichwa kwenye mabomba ya magari ya watu, navuta pumzi, nakunja uso kama ninavyokunja, na nasema "safi" kwa sababu kwangu kila kitu kilikuwa safi. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, nami niliona kilio hicho ni changu mwenyewe, nitakibeba. Sikufikiri kuwa kingekuwa cha muuguzi na cha kijana wa mguu uliovunjika.

Kuhusu kucheka na wenzako, cheka. Ningekuwa mimi ningecheka zaidi.

Dereva amekuwa mpole mno. Ananiletea chai bila kuombwa, na nikimtazama anatazama tairi. Nadhani ananihurumia. Sitaki huruma yake.

Mama

*

Chumba cha kupimia injini, 29 Machi

Mama,

Dereva hakuhurumii. Anaogopa.

Aliniomba nisiseme, nami nimekaa na barua yake wiki nzima, nikaona hii ndiyo njia ile ile iliyotufikisha hapa. Alisikia harufu ile tangu mwezi wa pili. Alikuwa amesimama pembeni yako siku ulipoingiza kichwa ukasema safi, na harufu ikiwa inamwasha macho. Alinyamaza kwa sababu wewe ndiye uliyesema. Muuguzi pia alinusa, naye alinyamaza kwa sababu Dereva alimwambia Mama amepita.

Kwa hiyo ndani ya gari lile kulikuwa na pua mbili nzima. Usimgombeze. Ukimgombeza atanyamaza zaidi.

Kitinda

*

Gerejini, 8 Aprili

Kitinda wangu,

Barua yako ilinikalisha chini. Nilijua pua imekufa, hilo nimelilia peke yangu na nimemaliza. Lakini kwamba mtu mzima mwenye watoto wanne alikaa anavuta sumu kwa ajili ya heshima yangu, hilo sikulijua, na sikulala.

Asubuhi nikaenda kwa daktari mkuu, nikasimama mbele ya meza yake nikasema yote. Kwamba sinusi, tangu lini, na kwamba daftari nililisaini kwa pua ambayo haipo. Nilikuwa nimejiandaa kuambiwa nikabidhi funguo. Unajua alisema nini? Alisema, "Mama Pua, hata bila pua wewe ni wewe. Manifoldi si umeshabadilisha? Saini, gari liende." Akanisogezea daftari na kalamu.

Nikaisukuma kalamu. Nikamwambia, daktari, baada yangu, Dereva na muuguzi, wewe ni wa nne sasa kuliamini jina langu kuliko gari lenyewe. Sitasaini mpaka Dereva aweze kunikatalia mbele yako. Akaniona kama nimepotewa na akili, lakini akakubali kuazima gari la zahanati ya jirani kwa muda.

Nikaanza kazi. Siku ya kwanza nikaloweka kitambaa petroli, nikakificha chini ya kiti cha Dereva. Nikamwita. "Ingia unuse." Nikaingiza kichwa kwanza mimi, nikakunja uso, nikasema, "Naona safi kabisa." Akaingia, akavuta pumzi, machozi yakamlengalenga, akasema, "Safi, Mama." Nikatoa kitambaa nikamwekea mkononi. Akatazama viatu vyake.

Nikamwambia najua ya mwezi wa pili. Alitaka kupiga magoti nikamzuia. Nikamwambia, "Ile sensa ya binti yangu hainijui mimi ni nani, haijui nimekusomeshea nani. Imekuta hewa, ikasema hewa. Nataka uwe hivyo." Akasema ndiyo, Mama. Hata hiyo ndiyo yake ilinitia wasiwasi.

Siku ya tatu nikarudia. Nikasema safi. Akavuta, akafikiri, akasema, "Safi, Mama, labda kwa mbali kidogo." Nilicheka mpaka nikakaa. Siku ya tano akasema, "Kuna kitu, ila Mama ndiye anayejua." Nikamfukuza akanywe maji.

Leo nimemwita yeye pamoja na daktari mkuu. Kitambaa kiko chini ya kiti, petroli kijiko kimoja tu. Nikaingiza kichwa, nikatoka, nikasema kwa sauti ile ile ninayosemea miaka yote, "Gari hili ni safi." Dereva akaingia. Akakaa ndani muda mrefu. Akatoka, akavua kofia, akamtazama daktari, akanitazama mimi. Midomo yake niliisoma vizuri.

"Si kweli, Mama," akasema. "Humu kunanuka. Halitoki."

Daktari akageuka upande. 

Tukatoa kitambaa, tukafungua milango, gari likakaa kwenye upepo saa nzima. Tukapima kwa geji likiwa limesimama na likipanda mlima, tukapaka sabuni manifoldi yote, hakuna povu. Dereva akaingia tena, akatoka akasema sasa linaweza kwenda.

Nikampa kalamu asaini yeye kwanza.

Mama yako